Usakinishaji wa Mfumo Endeshi wa Linux katika Kompyuta Kongwe za Mezani: Ufafanuzi kwa Mazingira ya Kaagya, Mkoani Kagera

1.0 Utangulizi

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha utoaji wa kawaida wa masasisho ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Mrithi wake, Windows 11, uliotolewa Oktoba 2021, unadai kompyuta yenye kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na kichakataji kilichomo katika orodha iliyoidhinishwa na kampuni hiyo. Kwa vichakataji vya Intel, orodha hiyo huanzia kizazi cha nane, ukiondoa vichache, yaani vile vilivyoanza kuingia sokoni mwaka 2017. Kompyuta za mezani zilizotengenezwa kabla ya hapo hazikuharibika siku hiyo. Ziliendelea kuwaka, kuchapa na kuhesabu kama jana yake. Kilichokoma ni ulinzi, na athari ya kukosa ulinzi haionekani kwa macho hadi siku mafaili ya mwaka mzima yanapokataa kufunguka.

Makala hii inafafanua namna ya kusakinisha mfumo endeshi wa Linux katika kompyuta kongwe ya mezani, kwa kuzingatia mazingira ya Kaagya, mkoani Kagera. Kompyuta inayokusudiwa ni ile inayoweza kukutwa katika chumba cha kompyuta cha shule ya sekondari, katika ofisi ya chama cha msingi cha ushirika wa wakulima wa kahawa, katika duka la steshenari panapochapwa barua na tasnifu, au nyumbani kwa mwanafunzi wa uzamili anayesoma kwa masafa. Aghalabu imenunuliwa ikiwa imekwisha kutumika, na mwenye nayo hatarajii kununua nyingine mwaka huu wala mwakani.

Hoja inayotetewa ni kwamba mafanikio ya usakinishaji huamuliwa kabla ya usakinishaji wenyewe kuanza. Hatua za kubonyeza vitufe ni chache, na programu yenyewe humwongoza mtumiaji. Mambo yanayoharibu kazi hutangulia: kutoijua mashine, kuchagua mkusanyo wa Linux usiolingana nayo, na kutozinusuru taarifa zilizomo. Kwa mtu anayeishi penye intaneti ya kasi na ya bei nafuu, kosa la aina hii hugharimu saa moja ya kupakua faili jingine. Kwa anayenunua intaneti kwa kifurushi cha gigabaiti, kosa hilohilo hugharimu kifurushi kizima, au safari ya pili ya mjini Bukoba. Kwa sababu hiyo maandalizi yamepewa hapa nafasi kubwa kuliko usakinishaji.

2.0 Dhana na Istilahi

Mfumo endeshi ni programu ya msingi inayosimamia vijenzi vya kompyuta na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Linux, kwa maana finyu, ni kiini cha mfumo wa namna hiyo, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Kiini peke yake hakimfai mtumiaji wa kawaida. Huunganishwa na zana za mradi wa GNU, uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983, pamoja na mandhari ya kioo, kivinjari na programu za ofisi. Matokeo ya muungano huo huitwa hapa mkusanyo wa Linux. Wataalamu wengi husema distro. Debian, Ubuntu na Linux Mint ni mikusanyo mitatu miongoni mwa mingi.

Istilahi nyingine inayohitaji uangalifu ni programu huria. Neno huria halina maana ya bure. Linahusu uhuru wa kuitumia programu, kuichunguza, kuirekebisha na kumgawia mwingine. Ni kweli kwamba mikusanyo mingi hutolewa bila malipo, lakini kinachomnufaisha zaidi mwalimu wa Kaagya ni ule uhuru wa kugawa: akishapata faili moja, anaweza kulisakinisha katika kompyuta zote 12 za chumba chake na kumwazima jirani flashi, bila kuvunja sheria yoyote. Windows iliyowashwa kwa ufunguo wa kuiba haimpi haki hiyo, ingawa mazoea yametufanya tusahau tofauti.

Katika lugha ya mafundi wa mitaani, kazi hii yote huitwa kupiga Windows, na wapo wanaosema kupiga Linux kwa mlinganisho huo. Makala inatumia kitenzi sakinisha, ambacho kimeshika mizizi katika maandishi. Ujanibishaji wa programu huria kwa Kiswahili nao si jambo geni nchini: mradi wa Kilinux, uliofanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na kampuni ya Kiswidi ya IT+46, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, mwezi Desemba 2004.

3.0 Kuijua Mashine

Swali la kwanza kuhusu kompyuta kongwe si umri wake bali upana wa kichakataji chake: ni cha biti 32 au cha biti 64? Jibu la swali hili huifunga au huifungua karibu milango yote inayofuata. Vichakataji vya Intel Core 2 Duo, vilivyoanza kuuzwa mwaka 2006, ni vya biti 64. Pentium 4 zina mchanganyiko: za mwanzo ni za biti 32, na baadhi tu ya zile za mwisho ni za biti 64. Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Mtu hufungua Windows iliyomo, husoma kwamba mfumo ni wa biti 32, kisha huhitimisha kwamba mashine ni ya biti 32. Hitimisho hilo si la lazima. Kompyuta nyingi zenye gigabaiti 2 za kumbukumbu zilisakinishiwa Windows ya biti 32 ilhali vichakataji vyake vina uwezo wa biti 64. Njia ya uhakika ni kusoma jina kamili la kichakataji na kulitafuta katika orodha ya mtengenezaji, au kuiwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux na kuandika amri ya lscpu, ambayo huonyesha hali za utendaji zinazowezekana. Ikiwa flashi ni ya Linux ya biti 64 na kichakataji hakiwezi, mfumo hukataa kuwaka na huandika sababu katika mstari mmoja. Kukataa huko hakuiharibu mashine.

Swali la pili ni kumbukumbu ya kazi, yaani RAM. Kwa maoni ya mwandishi, gigabaiti 2 ndicho kiwango cha chini kinachostahili jitihada kwa mtu atakayetumia kivinjari cha kisasa, na gigabaiti 4 ndicho kinachostahili kuitwa cha kutosha. Mfumo wa Linux wenye mandhari nyepesi huweza kuwaka kwa chini ya megabaiti 600, lakini ukurasa mmoja wa wavuti wenye picha na matangazo huweza kula kiasi hichohicho. Mashine yenye megabaiti 512 haistahili safari yote hii isipokuwa kwa kazi moja mahsusi, kama vile kuchapa maandishi matupu. Kuongeza kumbukumbu ndilo tengenezo la bei ndogo kuliko yote, ila mnunuzi sharti ajue aina: vipande vya DDR2 na DDR3 vya kompyuta za mezani vyote vina pini 240, lakini pengo lake halipo mahali pamoja, hivyo kimoja hakiingii katika nafasi ya kingine. Mwenye busara hukichomoa kipande cha zamani na kwenda nacho dukani.

Diski kuu hufuata. Diski ya sahani zinazozunguka iliyotumika miaka 12 huenda ikawa inafikia mwisho wa maisha yake, na kuiandikia mfumo mpya kwa mkupuo ni kuitwisha mzigo ambao huenda ikashindwa kuubeba. Sauti ya kugongagonga ni ishara mbaya. Ishara nyingine husomwa ndani ya Linux ya majaribio, katika programu ya diski, palipo na taarifa za afya za SMART. Pale mfuko unaporuhusu, kubadilisha diski hiyo kwa SSD ya SATA yenye gigabaiti 120 huleta kasi kuliko badiliko jingine lolote, na huiacha diski ya zamani ikiwa salama na taarifa zake zote, jambo ambalo thamani yake itaonekana katika sehemu ya 5.0.

Kijenzi kinachopuuzwa kuliko vyote ni betri ndogo ya duara ya CR2032 iliyo juu ya ubao mkuu. Kazi yake ni kuitunza saa ya kompyuta wakati umeme umezimwa. Ikifa, kila uwashaji huirudisha tarehe nyuma miaka mingi. Mtumiaji hudhani kwamba ni kero ndogo, lakini katika Linux ina matokeo mawili mazito. Kwanza, kivinjari hukataa kufungua tovuti salama kwa kuwa vyeti vyake vinaonekana havijaanza kutumika. Pili, programu ya kusasisha mfumo hukataa orodha za vifurushi kwa hoja kwamba zimetiwa tarehe ya wakati ujao. Mtu aliyefika hatua hiyo huilaumu Linux, huulaumu mtandao, huenda hata akarudia usakinishaji mzima, ilhali dawa ni betri ya volti 3 inayouzwa kwa bei ndogo katika maduka ya saa. Ibadilishwe kabla ya jambo lolote.

Mwisho ni umeme. Mkoa wa Kagera kwa miaka mingi umetegemea umeme unaonunuliwa kutoka Uganda, na kukatika kwake si habari ngeni. Ukanda wa Ziwa Viktoria una radi nyingi pia, na Bukoba ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zinazopata mvua nyingi. Kompyuta ya mezani haina betri ya akiba kama ya mpakato. Umeme ukikatika diski inapoandikwa, kazi huharibika. Kwa hiyo usakinishaji ufanywe kwa UPS, au asubuhi ambapo mawingu hayajajikusanya, na wakati wa radi waya wa umeme uchomolewe ukutani, pamoja na waya wa mtandao kama upo. Mwenye sola anaweza kupiga hesabu mwenyewe. Mashine na kioo chake vikitumia wati 100 kwa saa 5, zinahitajika wati-saa 500. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini haifai kutumiwa zaidi ya nusu. Nusu hiyo ni 600, na inveta ikipoteza asilimia 15 zinabaki 510. Kazi ya siku moja inatosha, bila ziada ya taa.

4.0 Uchaguzi wa Mkusanyo

Miongozo mingi iliyopo mtandaoni huwashauri wenye kompyuta za biti 32 watumie Lubuntu au Linux Mint. Ushauri huo ulikuwa sahihi na sasa umepitwa na wakati. Lubuntu iliacha kutoa mafaili ya biti 32 baada ya toleo la 18.10, na Linux Mint iliacha baada ya mfululizo wa 19. Debian yenyewe, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kimbilio la mashine za zamani, ilitoa toleo la 13 tarehe 9 Agosti 2025 bila kiini wala kisakinishi cha biti 32. Aliyebaki na kichakataji cha biti 32 ana Debian 12, iliyotolewa Juni 2023, ambayo matunzo yake ya muda mrefu yamepangwa kufika Juni 2028. Mtu anapaswa kuijua tarehe hiyo kabla ya kuanza. Kuisakinishia mashine ya biti 32 Debian 12 ni kuiongezea miaka michache ya utumishi, na yule anayemwahidi mkuu wa shule zaidi ya hapo hasemi kweli.

Kwa mashine ya biti 64 uchaguzi ni mpana. Linux Mint 22 yenye mandhari ya Xfce, iliyotolewa Julai 2024 na kutunzwa hadi 2029, inahitaji gigabaiti 2 za kumbukumbu kwa uchache na gigabaiti 4 kwa utumiaji mzuri, na mpangilio wake wa menyu hautamshangaza aliyezoea Windows. Debian 13 yenye Xfce au LXQt ni nyepesi kidogo na inafaa pale msimamizi anapotaka mabadiliko machache. Mwandishi anaipendekeza Mint kwa mtumiaji wa nyumbani na steshenari, na Debian kwa chumba cha shule chenye mashine nyingi zinazofanana. Mapendekezo haya yanatokana na suala la nani atakayeitengeneza mashine ikigoma. Fundi wa Linux hapatikani kila mtaa, na mwongozo wa Mint ni rahisi kueleweka na mwalimu asiye mtaalamu.

Lipo pia suala la ukubwa wa faili. Debian hutoa faili dogo la kisakinishi, chini ya gigabaiti moja, linalovutia kwa mwenye kifurushi kidogo. Wepesi huo unadanganya: faili hilo lina kisakinishi tu, na mandhari, programu za ofisi na kivinjari hupakuliwa wakati wa usakinishaji. Mtandao ukikatika katikati, mtumiaji hubaki na kioo cheusi chenye maandishi meupe. Kwa Kaagya lifaalo ni faili kubwa, lile la DVD ya kwanza ya Debian au lile la Mint, yote yakiwa na gigabaiti takriban 3 hadi 4, kwa sababu humaliza kazi bila intaneti hata kidogo. Lipakuliwe mara moja, mahali penye mtandao wa uhakika, na litumike katika mashine zote.

Baada ya kupakua, faili lihakikiwe. Kila mkusanyo huchapisha nambari ya utambulisho iitwayo SHA256. Mtumiaji hukokotoa nambari ya faili lake na kulinganisha. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, faili limeharibika njiani. Hatua hii huchukua dakika mbili na hufanywa mjini, kabla ya kupanda gari la kurudi.

5.0 Kunusuru Taarifa

Usakinishaji wa kawaida hufuta diski yote. Sentensi hiyo ni fupi, lakini ndiyo yenye uzito kuliko zote katika makala hii. Ofisi ya chama cha msingi inaweza kuwa na orodha ya wakulima, kilo walizoleta na malipo waliyopewa kwa misimu kadhaa. Shule inaweza kuwa na alama za upimaji endelevu. Mwanafunzi anaweza kuwa na mahojiano ya uwandani ambayo msimuliaji wake amekwisha kufariki. Hakuna mfumo endeshi unaostahili kubadilishwa na vitu hivyo.

Kunakili kabrasha la nyaraka pekee hakutoshi. Watumiaji wengi huweka mafaili juu ya mandhari ya kioo, wengine ndani ya kabrasha la vipakuliwa, na wengine moja kwa moja katika diski C. Nywila zilizohifadhiwa katika kivinjari husahaulika, na programu za hesabu huficha kanzidata zao katika makabrasha ambayo mtumiaji hajawahi kuyafungua. Nakala ziwe mbili, katika vyombo viwili, na mafaili machache kutoka kila nakala yafunguliwe katika kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijafunguliwa popote haina uthibitisho. Aliyenunua SSD amejiepusha na hatari kubwa, maana anaweza kuichomoa diski ya zamani, kuifunga katika bahasha, kuiandikia tarehe na kuiweka kabatini.

Wakati huohuo iorodheshwe kila programu inayotumika. Mifumo ya serikali inayofunguliwa ndani ya kivinjari, kama vile PReM wa Baraza la Mitihani la Tanzania na TAUSI wa TAMISEMI, haidai Windows. Jedwali la Excel hufunguka katika LibreOffice, ila lile lenye makro huweza kugoma. Programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows pekee ni kizuizi halisi, na penye kizuizi hicho ni heri mashine hiyo ibaki na Windows yake, itolewe katika mtandao, na Linux isakinishwe katika mashine nyingine. Mwenye Windows 10 asiyeweza kuhama mara moja alipewa na Microsoft mpango wa nyongeza wa masasisho kwa watumiaji binafsi hadi Oktoba 2026; mpango huo huahirisha tatizo tu.

6.0 Usakinishaji

Faili la ISO huandikwa katika flashi ya gigabaiti 8 au zaidi kwa programu kama Rufus au balenaEtcher. Kulinakili faili hilo kama wimbo hakuifanyi flashi iweze kuwasha kompyuta, na kuliandika kwa programu hizo hufuta vyote vilivyokuwamo katika flashi. Kisha flashi huchomekwa katika mashine iliyozimwa, nayo huwashwa huku kitufe cha menyu ya uwashaji kikibonyezwa mfululizo. Katika Dell na Lenovo nyingi ni F12. Katika HP ni Esc au F9. Mashine kongwe sana ambazo haziwezi kuwaka kupitia flashi huhitaji DVD iliyochomwa, na penye DVD mwendo huwa wa polepole.

Mint huwaka kwanza katika hali ya majaribio, bila kugusa diski. Nafasi hii itumike kikamilifu: sauti isikilizwe, printa ichomekwe, mtandao ujaribiwe. Linalogoma hapa litagoma pia baada ya usakinishaji, na ni bora kulijua wakati Windows bado ipo. Vipokezi vya Wi-Fi vya kuchomeka ndivyo vinavyosumbua mara nyingi. Simu iliyounganishwa kwa waya wa USB na kuwekwa katika hali ya kugawa intaneti hutambuliwa mara moja na huokoa siku.

Ndani ya kisakinishi, mtumiaji huchagua lugha, kibodi ya Kiingereza cha Marekani ambayo ndiyo iliyozoeleka nchini, na majira ya saa ya Dar es Salaam. Hufuata swali la diski. Kuchagua kufuta diski yote huleta mpangilio safi na ndilo pendekezo la makala hii kwa mashine yenye diski ndogo. Kuziweka Windows na Linux pamoja huwezekana, lakini hugawa nafasi ambayo tayari ni finyu na huiacha Windows isiyo na ulinzi ikiendelea kuingia mtandaoni. Pale ambapo diski mbili zimechomekwa, ukubwa na jina la mtengenezaji visomwe mara mbili kabla ya kukubali. Katika Debian kuna jambo dogo lenye manufaa: nywila ya msimamizi mkuu ikiachwa tupu, mtumiaji wa kwanza hupewa mamlaka ya usimamizi kupitia amri ya sudo, na hivyo nywila ya kukumbuka huwa moja. Mwishoni kisakinishi huandika GRUB, programu inayoiwasha Linux. Katika diski ya sahani kazi yote huweza kufika saa moja. Mashine isiguswe.

7.0 Mashine Mpya na Maandishi ya Kiswahili

Hatua ya kwanza baada ya kuwaka ni kusasisha. Masasisho ya awali huweza kuwa makubwa, kwa hiyo yapangwe siku yenye kifurushi cha kutosha au usiku ambapo vifurushi ni nafuu. Kwa mashine yenye gigabaiti 2, kifurushi cha zram-tools katika Debian hubana sehemu ya kumbukumbu na kupunguza uzito wa kivinjari.

Kwa mtafiti, swali halisi huja anapoifungua tasnifu yake. Kanuni za vyuo vingi hudai maandishi ya Times New Roman yenye ukubwa wa 12. Fonti hiyo ni mali ya kampuni na haimo katika Linux. Ikikosekana, LibreOffice huweka Liberation Serif, fonti huria iliyotolewa na Red Hat mwaka 2007, ambayo herufi zake zina upana uleule wa Times New Roman. Mistari huvunjika palepale, kurasa hubaki na nambari zilezile, na yaliyomo hayahami. Anayetaka fonti yenyewe huipata kwa kifurushi cha ttf-mscorefonts-installer, ambacho huipakua kutoka mtandaoni baada ya kukubali masharti. Kwa vyovyote vile, nakala ya mtahini itumwe kama PDF, na nakala ya msimamizi kama docx ili masahihisho yake yaonekane pembezoni.

Kifurushi cha hunspell-sw huongeza kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Kipakuliwe mapema pamoja na faili la ISO ikiwa mashine haitakuwa na intaneti. Ukaguzi wake una mipaka inayotokana na maumbile ya lugha yenyewe: kitenzi cha Kiswahili hubeba viambishi vya nafsi, njeo, urejeshi na mtendwa, na hakuna orodha inayoweza kuyamaliza maumbo yote. Neno sahihi kama waliokwishatuelekezea laweza kupigiwa mstari mwekundu. Mtumiaji huliongeza katika kamusi yake binafsi na kuendelea.

Kwa anayeandika kuhusu fasihi ya Kihaya, mistari myekundu hugeuka kuwa mafuriko. Mtafiti anayefuata njia ya M. M. Mulokozi, aliyeandika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1986 kuhusu tendi za enanga za Wahaya, atakuwa na kurasa nzima za matini ambazo kamusi ya Kiswahili haizijui. Kuyaongeza maneno hayo katika kamusi binafsi ni kosa, kwa sababu baadaye kosa la tahajia ya Kiswahili linalofanana na neno la Kihaya litapita bila kuonekana. Kinachofaa ni kuichagua matini ya Kihaya, kufungua menyu ya zana, kwenda sehemu ya lugha, na kuiwekea alama kwamba isikaguliwe. Ikitengenezwa staili ya aya kwa ajili ya matini hizo tangu sura ya kwanza, kazi hiyo hufanywa mara moja, na sura ya nne, ambako mara nyingi data ndiko hujaa, hufika kwa msimamizi ikiwa imekaguliwa Kiswahili chake peke yake.